"Resident" Si Raia: Neno Linalowachanganya Walipakodi

Kila msimu wa ritani, yaani taarifa za mapato za kila mwaka, dawati letu la kodi hupokea lalamiko lilelile: "Mbona nimekatwa kama mgeni, na mimi ni Mtanzania?" Mara nyingi chanzo ni neno moja la Kiingereza, resident, ambalo kwa Kiswahili cha kodi ni mkaazi.

Limetokana na Kilatini residere, na ndani yake mna sedere, kuketi. Hatuhitaji kwenda Roma kulielewa. Ukimuuliza mtu "unakaa wapi?", hakuonyeshi kiti, kukaa kitako na kukaa Tandika ni kitenzi kimoja. Hata dwell, neno jingine la Kiingereza la kuishi mahali, zamani lilimaanisha kupoteza njia au kuchelewesha. Aliyechelewa mno mahali, basi ndiyo kwao!

Ndani ya neno resident hamna uraia. Tumelisema hili mara nyingi.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakuhesabu mkaazi ukiwa na makazi ya kudumu nchini na ukawepo sehemu yoyote ya mwaka. Kama huna, siku zinahesabiwa: 183 au zaidi ndani ya mwaka, hata kwa vipande vipande, au uwepo mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122. Mfano, mtu aliyekuwepo siku 100, 130 na 140 katika miaka hiyo mitatu: jumla 370, wastani 123 na ushei. Ni mkaazi, hata kama ana pasipoti ya Zambia. Mtumishi wa Serikali aliyetumwa nje hubaki mkaazi. Mtanzania aliyehamia Muscat na familia yake, asiye na nyumba huku wala siku za kutosha, si mkaazi.

Kwa ada ya huduma, kiwango cha kawaida cha zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo kabla mlipwaji hajayapokea, ni asilimia 5 kwa mkaazi na 15 kwa asiye mkaazi, ingawa viwango hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha. Anayelipa ndiye anayekata, na huwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Asipokata, kodi hiyo inadaiwa kwake, pamoja na riba. "Alijieleza ni mwenyeji" si utetezi.

Kukiwa na ubishi wa siku, tunaanza na mihuri ya uhamiaji. Kwa hiyo pasipoti iliyokwisha muda usiitupe.