Uraka, bangi na kipimo cha damu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukitolewa damu hospitali, wanaona mpaka bangi." Kwenye vijiwe vya bodaboda Mtwara utalisikia hili, na kwangu ndilo lenye madhara kuliko yote, kwa sababu mtu ana homa kali lakini anakwepa maabara akiogopa kuumbuka. Kipimo cha malaria kinatafuta vimelea vya malaria, basi. Picha ya damu inahesabu chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani. Hata damu ya kuchangia hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Dawa za kulevya zina vipimo vyake, na havifanywi bila kuagizwa.

"Uraka ni maji ya mabibo tu, hauonekani." Mabibo yakishachacha yana pombe ileile iliyomo kwenye bia, na nipa, pombe ya mabibo iliyokenekwa, ndiyo kali zaidi. Ini la mtu mzima hupunguza takriban miligramu 15 za pombe kwa kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyefika miligramu 150 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado anazo kama 60, na huenda ndiyo kwanza anawasha pikipiki. Maziwa, dafu, kahawa, kuoga maji ya baridi: hakuna kinacholiharakisha ini.

"Damu inakumbuka kuliko mkojo." Ni kinyume. Heroini hugeuka ndani ya damu kwa dakika chache tu, ikaishia kuwa mofini. Mkojo huonyesha mabaki yake kwa siku moja hadi tatu hivi. Bangi hujificha kwenye mafuta ya mwili, hivyo mkojo wa mvutaji wa kila siku unaweza kuionyesha hata mwezi baada ya kuacha. Damu inafaa pale swali ni la saa chache zilizopita, mfano baada ya ajali.

"Kipimo kikisoma, huyo ni teja." Hapana. Hakipimi uraibu. Tena kodeini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, mwili huigeuza kuwa mofini, na kipimo cha haraka hakiitofautishi na ile ya heroini. Majibu ya namna hiyo huhitaji kuthibitishwa na mashine za maabara kubwa, kama za Mkemia Mkuu wa Serikali. Dawa ulizomeza zitaje kabla sampuli haijachukuliwa. Ukizitaja baada ya majibu, itaonekana unajitetea.