Mtoto anasaga meno usiku, ni minyoo kweli?

Swali: Mtoto yangu wa miaka 5 anasaga meno usiku, krrr krrr, mpaka wadogo zake wanaamka. Mama mkwe anasema ni minyoo. Ni kweli?

Jibu: Hapa Goma ukisema tu mtoto anasaga meno, jirani tayari amekutuma farmasi ununue mebendazoli. Lakini hapana, minyoo haijathibitishwa kuwa njo sababu. Kuna watoto hawana mnyoo hata mmoja na wanasaga kila usiku, na wengine wamejaa minyoo na wanalala kimya. Dawa ya minyoo mpe, ila mpe juu ya minyoo yenyewe, kila miezi 6 kuanzia mwaka 1, kama ile wanagawaga kwenye kampeni pamoja na vitamini A. Sasa ukimpa leo, wiki ijayo tena, eti kelele haijaisha, hapo unapoteza franga tu.

Swali: Basi inatoka wapi?

Jibu: Mara nyingi ni ubongo wenyewe: usingizi unapopungua uzito kidogo, taya inakaza na kusaga bila mtoto kujua. Kuna familia ambamo baba alisaga na mtoto anasaga. Wasiwasi pia unazidisha, na watoto wa hapa wamesikia risasi nyingi, ile ya vita ya Januari 2025 hapa Goma wengi hawajaisahau hata kama mchana wanacheza vizuri. Kuna dawa fulani pia zinaweza kuileta. Na kuna pumzi, na hii njo naomba wazazi waangalie sana.

Swali: Pumzi inaingilia wapi kwenye meno?

Jibu: Mtoto mwenye matonsili makubwa kooni, ao pua imeziba kila siku (moshi ya makala ndani ya nyumba na moshi ya sigara haisaidii hata kidogo), usiku anapambana kupata hewa, usingizi unakatika-katika, na kwa watoto wengine kusaga kunatokea pale pale. Kwa hiyo usisikilize meno peke yake. Anakoroma? Analala mdomo wazi, shingo imerudi nyuma? Pumzi inasimama kidogo halafu anashtuka kama mtu ametoka kwenye maji? Asubuhi anaamka na kichwa kuuma, darasani anasinzia? Chukua telefone, mfilme akilala, dakika chache tu, upeleke kwa daktari, juu ukimwelezea kwa mdomo tu mtoto atakuwa amekaa pale mbele yake anacheka na haonyeshi kitu.

Swali: Meno itasagika mpaka iishe?

Jibu: Kwa wengi hapana. Meno ya maziwa ni 20 na yote itang'oka, na watoto wengi wanaacha wenyewe kabla ya kufika ujana. Mchana msimamishe mlangoni kwenye mwanga, afungue mdomo: kama ncha za meno ya mbele zimekuwa bapa, ao jino limevunjika kidogo, ao analalamika maji ya baridi inamuuma, taya inauma akitafuna, mwone dentisti. Kuanzia miaka 6 hivi magego ya kudumu yanatokea nyuma, hayo hayana mbadala. Halafu madoa ya kahawia kwenye meno ni kitu ingine, huku kwetu inaweza kuwa florini (madini fulani) nyingi kwenye maji ya volkano.

Swali: Ni kukosa kalsiamu?

Jibu: Hakuna ushahidi mzuri. Sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa Kivu) na mifupa yake mpe tu, ni chakula kizuri.

Swali: Dentisti amuwekee ile plastiki ya usiku ya kukinga meno?

Jibu: Kwa mtoto mdogo kwa kawaida hapana, taya bado inakua na meno inabadilika.

Swali: Basi nifanye nini, nimwamshe?

Jibu: Usimwamshe, na usimgombeze asubuhi, hajui alichofanya. Jioni punguza chai nyeusi na Coca-Cola, zima tele na telefone saa moja mbele ya kulala, muoshe, ongea naye kidogo kuhusu siku yake, na alale saa ile ile kila siku. Na wale wanaoweka kitambaa mdomoni mwa mtoto aliyelala, acheni kabisa, anaweza kukabwa.