Siasa ya wadau katika mipango ya teknolojia ni nini?

Mdau ni yeyote mwenye cha kupata au kupoteza mfumo mpya ukiingia: wizara yenye bajeti, kampuni iliyoshinda zabuni, karani atakayeutumia kila siku, mwananchi ambaye taarifa zake ndizo zinazokusanywa. Siasa ya wadau ni mvutano wa nani kati yao ahesabiwe, aulizwe lini, na neno lake libebe uzito gani.

Mara nyingi mvutano huo huishia kwenye warsha. Barua ya mwaliko inafika jana yake, wataalamu wanaonyesha mfumo uliokwisha kununuliwa, maswali yanapewa dakika chache kabla ya chakula. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, watu wanasaini. Baadaye karatasi hiyo hiyo ndiyo ushahidi kwamba "wadau walishirikishwa".

Huduma Namba, mfumo wa Kenya wa kusajili watu na kumpa kila mmoja namba moja ya utambulisho, ilionyesha gharama ya ushirikishwaji wa namna hiyo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliiruhusu serikali kukusanya mpaka DNA na vipimo vya GPS vya makazi ya watu. Wanubi, Wakenya wenye asili ya Sudan ambao kwa miaka mingi walikuwa wakipitishwa kwenye kamati za kuwachuja kabla ya kupewa kitambulisho, waliona kitu ambacho aliyepata chake bila maswali asingekiona kwa urahisi: mfumo unaodai hati ili uingie humwacha nje asiye na hati. Nubian Rights Forum, shirika linalotetea haki zao, ikaenda Mahakama Kuu pamoja na wengine. Januari 2020 mahakama ilizuia DNA na GPS, ikataka kwanza uwepo utaratibu kamili wa kisheria. Oktoba 2021, katika kesi ya Katiba Institute, shirika linalotetea Katiba, utoaji wa kadi za Huduma ulibatilishwa kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, yaani uchunguzi wa madhara ambayo mfumo unaweza kuyaleta kwa taarifa za watu, haikufanywa.

Wahandisi hulalamika kwamba kumsikiliza kila mtu kunachelewesha kazi, na wana hoja. Kuna mdau anayetaka kikao kingine ili posho iendelee tu. Lakini hapa waliochelewesha ni waliokuwa na haraka. Mdau aliyeachwa hakurudi nyumbani, alibadilisha mlango, na mlango wa mahakama ni ghali kuliko wa warsha.

Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba, mfumo mpya wa utambulisho badala ya Huduma Namba. Kabla mwaka haujaisha, Katiba Institute ilikuwa tena mahakamani, ikiuliza tathmini iko wapi.