Mtindo wa shamba na kiwanda: maana yake ndani ya nyumba

Mtu akiingia sebuleni kwako akasema ni ya kishamba, hutamshukuru. Neno hilo ni tusi dogo: hujachangamka, mambo yamekupita. Hata Wazungu waliwahi kutukanana hivyo. Kilatini kina neno rus, yaani mashambani, na maneno yaliyozaliwa nalo katika lugha za Ulaya yalitumika kumcheka mtu asiyejua adabu za mjini. Leo ukoo uleule wa maneno unatumika kusifu meza.

Meza inayosifiwa ni ya mbao nene, mafundo yanaonekana, alama za msumeno hazikumalizwa na randa. Ipe miguu ya chuma cheusi, isogeze karibu na ukuta wa matofali usiopigwa plasta, juu yake ning'iniza taa ya bati iliyotoka karakana, na utakuwa umeuona mtindo wenyewe karibu wote. Hapa nitauita mtindo wa shamba na kiwanda, maana ndivyo ulivyo: nusu yake imetoka ghalani na nusu imetoka kwenye mashine.

Maana yake ni kupamba nyumba kwa vitu ambavyo malighafi yake haikufichwa, wala kazi iliyovitengeneza haikufichwa. Mbao ionekane ni mbao, chuma kionekane ni chuma, mshono na bolti vibaki wazi. Rangi nazo zinafuata zile ambazo malighafi hizo huja nazo zenyewe.

Shamba na kiwanda ni majirani wa ajabu. Kimoja ni cha udongo na mifugo, kingine ni cha moshi na grisi. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote viwili ni mahali pa kazi. Boriti ya ghala iliwekwa ili paa lisianguke, na hakuna aliyehangaika kuipaka vanishi kwa sababu hakuna mgeni aliyetarajiwa kuitazama. Nguzo ya kiwandani vilevile. Sebule ndiyo kinyume chake: kwa desturi ni chumba cha kuonyesha, chenye vitambaa juu ya viti na vyombo kabatini visivyoguswa. Mtindo huu unaleta mahali pa kazi ndani ya mahali pa kuonyesha, na mvuto wake wote uko hapo. Makosa yake mengi pia.

Upande wa kiwanda una historia inayojulikana vizuri. Mtaa wa SoHo, jijini New York, ulijaa majengo ya karne ya 19 yenye nyuso za chuma cha kusubu, yaliyokuwa maghala na viwanda vidogo. Madirisha yalikuwa makubwa kwa sababu wafanyakazi walihitaji mwanga wa jua, dari zilikuwa juu, na ndani hakukuwa na kuta za kugawa vyumba. Biashara hizo zilipoondoka baada ya Vita Kuu ya Pili, ghorofa zikabaki tupu na kodi ikawa ndogo. Wasanii waliohitaji nafasi ya michoro mikubwa wakahamia humo, wengi wao kinyume cha sheria, kwa kuwa majengo hayo hayakuruhusiwa kukaliwa na watu. Mchongaji Donald Judd alinunua jengo zima la ghorofa tano pale Spring Street mwaka 1968. Lilijengwa mwaka 1870. Aliacha sakafu zikiwa wazi na kuipa kila ghorofa kazi yake. Mwaka 1971 jiji lilibadili kanuni ili wasanii waweze kuishi SoHo kihalali.

Ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba wengi wao hawakuacha kuta wazi kwa kufuata mtindo. Waliacha wazi kwa sababu plasta inakula pesa na muda, na wao walikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Mtindo ulikuja baadaye, ulipofika pamoja na wenye pesa waliopenda walichokiona. Kodi zikapanda, wasanii wengi wakahama, kuta zikabaki wazi.

Vifaa vya mtindo huu vina historia ya namna hiyohiyo. Kiti cha bati la chuma unachokiona kwenye mikahawa mingi, chenye miguu iliyopanuka chini na mgongo wa mviringo, ni kizazi cha kiti kiitwacho Model A cha kampuni ya Tolix, kilichobuniwa Ufaransa na Xavier Pauchard mwaka 1934. Pauchard alikuwa mtu wa mabati. Alijua kukichovya chuma kwenye zinki ili kisile kutu, na kiti chake kilikuwa cha kuachwa nje kwenye mvua. Taa ya mezani yenye mkono wa kukunjwa na springi, Anglepoise, ilitoka kwa mhandisi wa magari wa Uingereza, George Carwardine, miaka ya 1930. Alikuwa akishughulika na springi za magari, akagundua kwamba zikipangwa vizuri zinaweza kuushikilia mkono wa taa popote utakapouachia. Kazi ya kwanza ya taa hiyo ilikuwa kumulika karakana.

Tuje kwenye mguso, yaani kile ambacho mkono ungehisi kama ungegusa kitu. Kitani, sufu, mkonge, ngozi, henzirani, jiwe, zege, udongo wa kuchoma: kila kimoja kina mguso wake, na jicho hulisoma jambo hilo kabla ya mkono kufika. Jicho husoma kwa vivuli. Ukuta wa matofali ukimulikwa kwa taa moja iliyo katikati ya dari, mwanga ukaupiga usoni, vivuli vinapotea na ukuta unalala kama picha. Sogeza taa karibu na ukuta, mwanga uteleze kwa ubavu, na kila tofali litajitokeza. Ndiyo sababu chumba cha mtindo huu huwa na taa nyingi ndogo pembeni badala ya moja kubwa juu. Balbu ziwe za mwanga wa joto, yaani wa umanjano, kiasi cha kelvini 2,700 au chini yake; kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, kilichoandikwa kwenye boksi la balbu. Balbu nyeupe ya kelvini 6,500 itaigeuza mbao yako nzuri kuwa samani ya kituo cha afya.

Kuna jambo lingine kuhusu vitu vya asili: havijirudii. Ubao mmoja haufanani na wa pili, na jicho linapenda kutangatanga humo. Vigae vilivyochapwa sura ya mbao vina mchoro unaorudiwa, na ukishaliona lile fundo kwa mara ya tatu, kwenye kigae cha tatu, hutaacha kuliona tena. Karatasi ya ukutani yenye picha ya matofali ni vivyo hivyo, tena mbaya zaidi, kwa kuwa vivuli vilivyochapwa vinatoka upande mmoja na taa yako iko upande mwingine. Sisemi kuiga ni dhambi. Nasema mtindo ambao hoja yake ni kutoficha kitu hauwezi kujengwa kwa kitu kinachojificha.

Rangi ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko yote. Watu husikia rangi tulivu wakawaza kijivu na maziwa, basi. Mmarekani Albert Munsell, mwanzoni mwa karne ya 20, aliipanga rangi kwa vipimo vitatu: aina yake (nyekundu, kijani na kadhalika), weupe au weusi wake, na ukali wake. Rangi iliyopoa ni ile yenye ukali mdogo, hata iwe ya aina gani. Kwa hiyo damu ya mzee imo. Ugoro umo, kaki imo, kijani cha majani yaliyoanza kukauka kimo, na hata buluu imo ikiwa ni ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Fundi rangi mzuri anapotaka kuipoza rangi hakimbilii nyeusi, maana nyeusi huifanya rangi iwe nzito kama imefiwa. Anaongeza tone la rangi iliyo kinyume chake: nyekundu kidogo ndani ya kijani, au chungwa kidogo ndani ya buluu.

Na kwa nini rangi hizi zinapatana zenyewe bila mtu kuzipanga? Sababu mojawapo ni ya kikemia. Wekundu wa tofali lililochomwa unatokana na oksidi za chuma zilizomo kwenye udongo. Kutu nayo ni oksidi za chuma. Udongo mwekundu, na ile rangi ya manjano iliyokolea ambayo wachoraji wamekuwa wakiichimba ardhini tangu kale, ni ndugu hao hao. Ukiweka bomba lenye kutu mbele ya ukuta wa matofali, umekutanisha watu wa ukoo mmoja.

Chokaa inastahili kutajwa hapa, kwa sababu inafanya kitu ambacho rangi ya plastiki haifanyi. Chokaa iliyozimwa kwa maji, ikipakwa ukutani, hunyonya hewa ya ukaa na kugeuka polepole kuwa mawe ya chokaa tena. Haikauki sawasawa, hivyo ukuta hubaki na mawingu mepesi, hapa panang'aa kidogo, pale pamefifia. Anayetaka ukuta usio na doa ataichukia.

Usiuchanganye mtindo huu na ule wa kuacha chumba kitupu. Wala si wabi-sabi ya Wajapani, yaani kuona uzuri katika vitu visivyo kamili, ingawa wanasalimiana. Sen no Rikyu, bingwa wa chai wa karne ya 16, alipenda vyumba vidogo vya kuta za udongo na vyombo visivyo kamili. Lakini kwake ugumu wa kiwanda haukuwepo, na ukimya ulikuwa sehemu ya ibada. Chumba cha shamba na kiwanda kina sauti zaidi.

Sauti kihalisi, na hapa ndipo wengi hujuta. Zege, matofali, kioo na chuma hurudisha karibu sauti yote inayoyapiga. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara ambao hotuba hazikusikika kwa sababu ya mwangwi. Alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima muda ambao sauti ilichukua kufifia kadiri mito ilivyoongezeka, na kutokana na vipimo hivyo akapata kanuni inayotumika hadi leo. Ukiitumia kwa chumba cha mita 5 kwa 6 chenye dari ya mita 3, pande zote zikiwa ngumu na tupu, sauti inakaribia sekunde 4 ndipo ife. Mazungumzo ya watu watatu humo ni vurugu. Tandika zulia nene la sufu, weka pazia zito la kitani, kochi la kitambaa na rafu iliyojaa vitabu, na muda huo unaweza kushuka chini ya sekunde moja.

Kwa hiyo nguo, mikeka na mazulia si urembo wa kumalizia. Ni nusu ya kazi. Ukiona picha ya chumba cha namna hii kinachokuvutia, hesabu vitu laini vilivyomo. Utashangaa ni vingi kiasi gani, vimefichwa tu na rangi zao zilizopoa.

Kinachonichosha ni vitu vinavyojifanya. Magurudumu ya mashine yaliyobandikwa kwenye saa na hayazungushi chochote. Bomba lililofungwa ukutani lisilopitisha maji wala waya, na halijashika hata rafu. Bomba likibeba nguo, sawa, limepata kazi mpya.

Tahadhari chache, maana vitu vya kale vina mambo yake. Rangi iliyokwanguka kwenye mlango wa zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani, kwa mfano, iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, kwa hiyo usiisugue kwa msasa mkavu kabla ya kuipima. Mbao za paleti, yale majukwaa ya kubebea mizigo, husomwa muhuri kwanza: herufi HT zinaonyesha zilipashwa joto hadi nyuzi 56 ndani kabisa kwa dakika 30, MB zinaonyesha zilifukizwa kwa sumu ya methili bromidi, na hizo ziache zilipo. Vumbi la kukata au kusaga zege lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kweli na maji ya kulizuia vumbi. Na kabla ya kubandua plasta ya ukuta wa zamani, fahamu kwamba matofali yaliyo nyuma yake huenda hayakukusudiwa kuonekana kamwe. Mengine ni laini, na ukiyapiga mchanga kwa mashine unaondoa ngozi ngumu iliyotokana na tanuri, yaanze kumomonyoka.

Vikishaingia ndani, vitu hivi vinaendelea kubadilika. Chuma kitashika kutu hadi ukisugue na kukipaka nta au vanishi isiyo na rangi. Zege lisilozibwa vinyweleo litanyonya mafuta, na siki italila. Mbao zinapenda mafuta ya kitani, yanayopakwa kwa tambara, tabaka jembamba kwa jembamba, kila moja likiachwa likauke. Matambara hayo usiyakunje ukayatupa pembeni: mafuta ya kitani hutoa joto yanapokauka, na rundo la matambara yaliyolowa linaweza kuwaka lenyewe. Yatandaze nje, moja moja, mpaka yakakamae.