Kuuliza mutoto kama anafikiria kujiua hakumutii wazo mu kichwa

Wiki hii tena! Prefe wa sekondere moja ya hapa Goma, mutu muzuri na tunaheshimiana, ananivuta pembeni mbele niingie mu klasi: "Mama, ongea juu ya stresi, juu ya egzeta (mutihani ya serikali), lakini ile neno ya kujiua usiitaje, utabaamushia akili." Niko mu hii kazi ya kuongea na shule juu ya kujiua miaka 11 na hii maneno nimeisikia kwa bapasta, kwa masista, kwa komite ya bazazi, ata kwa mutu wa pikipiki.

Haiko hivyo. New York balijaribisha, majibu ikatoka 2005: banafunzi 2,342 ba shule sita, bamoja bakaulizwa juu ya kujiua, bengine hapana. Benye kuulizwa habakuzidi kuumia, na benye walikuwa tayari na huzuni mingi, ulizo ni kama iliwapunguzia kidogo. OVG, benye kuchunga volkano hapa Goma, inapima Nyiragongo na inatuambia rangi ya alerte, nani alishasema 2021 volkano ililipuka juu baliipima?

Na usiniambie ni mambo ya Bazungu. OMS, shirika la afya duniani, inasema karibu vifo 3 juu ya 4 vya kujiua viko mu inchi zenye pesa kidogo ao ya kati.

Sasa njo fasi inaniuzi kabisa, juu prefe iko na nusu ya ukweli lakini anaiweka fasi mbaya. Kujiua inaweza kuambukiza, ni kweli, sana kwa vijana. Lakini inaambukiza kupitia nini? Si mu ulizo ya polepole kati ya watu wawili. Ni kukusanya shule muzima ku salamu ya bendera na kuhadithia namna marehemu alikufa, na barua aliacha, mwingine anamulaani, mwingine anamufanya shujaa. Na hiyo, mapadri yangu, munaifanyaka bila kuogopa! Siku ya kilio munaongea yote, siku mutoto iko hai munasema tunyamaze.

Ulizo yenyewe ni rahisi: "Naona siku hizi umechoka sana, unafikiriaka kujiua?" Wazi. Si "hauna mawazo mabaya, eh?", juu hapo ulishamujibia wewe mwenyewe. Akisema ndiyo, usimuhubirie, usimuahidi siri, usimuache peke yake, itana muzazi ao mukubwa anayemuamini. Kumupeleka Tulizo Letu, centre ya afya ya akili hapa Goma, hakumaanishi ni chizi, hiyo nitaiandikia siku ingine, juu hapo pia nakasirika.

Na mbele ya ulizo kuko mulango: namna shule inamuaibisha mutoto. Mutoto anarudishwa nyumbani juu ya minervali (pesa ya shule) mbele ya benzake, kiisha anasomewa asilimia 38 siku ya proklamasyo, kutangaza matokeo, muzazi iko pale na simu anafilme. Siseme hiyo njo inaua, sababu haikuwake moja. Lakini shule inaweza kuacha hiyo kesho, bila projet, bila ONG.

Shaka yangu pia niiseme. Miaka mingi nimefundisha balimu kutambua alama. Lakini Ulaya balijaribisha ku shule 168, banafunzi zaidi ya 11,000, ikatoka 2015: kufundisha balimu peke yake hakukupunguza majaribio ya kujiua kwa kiasi cha kuonekana. Kilichopunguza karibu nusu ni kazi na banafunzi benyewe, kuongea, kuigiza mambo yao ya kila siku. Nilisoma nikabakia kimya. Na klasi zao haziko na batoto 60 juu ya bansi za bane bane, basi sijui itashika namna gani huku Ndosho, kartie ya Goma.

Prefe amenipa dakika 40 alhamisi, na hiyo neno nitaitaja. Amesema yeye atabakia inje.