Je, wajua kwa nini mnana hufuma kiota juu ya maji?

Masika yakishika Mombasa, nenda kwenye mabwawa ya Bamburi na Nguuni, utazame ncha za matete na makuti yaliyoinamia maji. Vile vifuko vya kijani vinavyoning'inia ni viota vya mnana, ndege mdogo wa manjano. Nyoka au panya akipanda, tete jembamba hupinda kwa uzito wake. Mlango nao hutazama chini, hivyo hata akifika juu hana pa kushikilia.

Fundi ni dume. Hung'ata ukingo wa jani, akaubana kwa mdomo, akaruka, na utepe mrefu ukachanika. Kwanza hufunga kitanzi na kusimama ndani yake, kisha hufuma chumba kukizunguka, hadi pale mdomo unapofika. Akimaliza hujining'iniza mlangoni akipigapiga mabawa kumwita jike. Jike hutaka kiota kibichi. Kikikauka bila kupata mwenyewe, dume hukibomoa na kuanza upya.

Siku hizo za kufuma ndizo za kupiga picha, kwani dume hurudi palepale kila mara. Lenzi ya milimita 400 inatosha. Mabawa yanahitaji kamera ipige kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua likipanda, manjano ya mnana huungua pichani na unyoya mmoja hautofautiani na mwingine, basi punguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu, yaani kipimo cha mwanga cha kamera. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache kamera mkobani nusu saa, la sivyo lenzi itatoa jasho. Na uliangalie jicho la dume kabla ya kuandika jina la aina yake: jekundu ni Ploceus subaureus, la kahawia iliyokolea ni Ploceus bojeri.

Jike akianza kuatamia, rudi nyuma. Akisimama kando na mdudu mdomoni bila kuingia, umekaribia mno, na makinda wanalala njaa kwa ajili yako. Tafadhali usikate tete hata moja ili kiota kionekane vizuri. Tete hilo ndilo kivuli cha makinda, tena ndilo linalowaficha wasionwe na kunguru wa mjini, wale wenye shingo ya kijivu, ambao hula mayai na makinda. Kunguru wakitua karibu nawe, ondoka kwanza.