Kimeng'enya kinavyopinda DNA, na kipimo cha selimundu

Kimeng'enya (hapa, protini inayokata DNA) kinajuaje pa kukata?
Kinasoma herufi za DNA: A, C, G na T. DdeI, kwa mfano, hutafuta CTNAG, N ikiwa herufi yoyote. Vimeng'enya vya aina hii hushika DNA popote, kwa ulegevu, kisha vingi huteleza juu yake mpaka vikutane na herufi zao.

Vikishazipata?
Hapa ndipo penye utamu. Kilichochunguzwa sana ni EcoRV, kinachokata GATATC katikati. Kikiwa juu ya herufi nyingine, DNA hubaki karibu imenyooka na haikatwi. Kikiipata GATATC, huipinda kwa takribani digrii 50, pale kwenye TA ya katikati. Mpindo huo ndio unaouingiza uti wa DNA kwenye meno ya kimeng'enya, na magnesi, ambayo bila yake hakuna kukata, inapata pa kukaa. Herufi moja ikikosewa, DNA haikai sawasawa na ukataji hukwama.

Selimundu inaingiaje?
Jini ya kawaida ya beta-globini, sehemu ya himoglobini ya damu, ina CCTGAGGAG. Kwenye selimundu A moja imekuwa T: CCTGTGGAG. CTGAG haipo tena, DdeI haikati. Kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, sehemu hiyo ya jini huonekana vipande vifupi kwa AA (jini mbili za kawaida), kipande kirefu kwa SS (mbili za selimundu), na vyote kwa AS (moja ya kila aina). (Himoglobini C, badiliko jingine la jini hiyohiyo, inaponyoka: herufi zake ni CTAAG, nazo zinakatwa, kwa hiyo husomeka kama kawaida.)

Majibu hukosewa wapi?
Kosa baya ni kukata nusunusu: kipande kirefu kinabaki, na mtu wa AA anaandikiwa AS. Mshukiwa wa kwanza ni EDTA, ile kemikali ya kuzuia damu kuganda kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau. Hunyakua magnesi, kwa hiyo DNA isafishwe vizuri kabla. Kuongeza kimeng'enya ovyo si dawa. Huhifadhiwa kwenye gliserini ya 50%, hivyo kisizidi moja ya kumi ya ujazo: mikrolita 2 kwenye 20. Gliserini ikipita 5%, baadhi ya vimeng'enya, EcoRI kikiwamo, huanza kukata herufi zisizo zake. Acha kwenye nyuzijoto 37 kwa saa 1, na kila jeli ibebe sampuli zinazojulikana za AA, AS na SS. Ile ya AA ikionyesha kipande kirefu, rudia kazi yote kabla ya kuandika jibu la mtu yeyote.